Maswali ya Wasomaji: Shimo Likishajaa, Maji Yaende Wapi?

Vuli inabisha hodi, na barua za mashimo na matangi ya maji ya mvua zimekuwa nyingi kuliko za mambo mengine yote. Tumechagua saba. Karibu kila mwandishi anauliza ukubwa wa shimo. Ni mmoja tu aliyeuliza maji ya ziada yatokee wapi, na katika mji wa miteremko kama Mwanza, hilo ndilo swali la kwanza.

Mwangaluka wahariri. Nyumba yangu iko Buhongwa kwenye mteremko. Paa lina mita za mraba 160, uani nimetandika pevingi mita 220, na nyasi kama mita 100. Mvua ikipiga saa moja, maji yote yanamshukia jirani wa chini, ukuta wake umeanza kuinama. Nataka tangi chini ya ua liyakamate. Fundi anasema lita elfu tano zinatosha. Ni kweli? — Mama mwenye nyumba, Buhongwa

Hazitoshi, mama, na hesabu yake si ngumu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua mvua nzito ya milimita 50 ndani ya saa moja. Si yote itakayotiririka: bati humwaga kama asilimia 90, pevingi zilizojazwa mchanga kwenye viungo kama 70, nyasi kama 25. Paa lako litatoa lita 7,200, pevingi 7,700, nyasi 1,250. Jumla lita 16,150.

Hata hivyo huna haja ya tangi la lita zote hizo, kwa sababu kazi ya tangi hili ni kuyachelewesha maji, siyo kuyaweka. Yanaingia kwa fujo na kutoka kwa utaratibu kupitia tundu dogo lililo chini. Tundu la milimita 32, maji yakiwa na kimo cha mita 1.7 juu yake, hupitisha karibu lita 2.8 kwa sekunde. Tangi likiwa nusu, karibu lita 2. Kwa saa nzima ya kujaa, weka wastani wa lita 1.8 kwa sekunde, yaani kama lita 6,500 zitakuwa zimeshaondoka. Zinabaki 9,650. Ongeza asilimia 15 kwa ajili ya tope na mvua ya kukaidi, unapata kama mita 11 za ujazo. Tangi lenye urefu wa mita 3, upana 2.2 na kimo cha maji 1.7, vipimo vya ndani, linakutosha. Mvua ikikatika likiwa limejaa, litakauka kwa muda wa saa mbili na robo hivi.

Tundu hilo usilitoboe kwenye zege. Toa bomba la inchi 4 ukutani, ulivike kwa ndani kifuniko chake cha PVC, kifuniko ndicho ukitoboe kwa keekee. Kisigundishwe, kifungwe kwa skrubu, maana siku moja kitaziba na utataka kukivua. Mbele yake weka kikapu cha wavu wa matundu ya milimita 10, chenye ukubwa wa ndoo, siyo kipande cha wavu kilichobanwa kwenye mdomo wa bomba. Wavu uliobanwa mdomoni huzibwa na jani moja la mwembe.

Maji yasiingie tangini kabla hayajapita chemba ya kutegea mchanga: sentimita 60 kwa 60, na bomba la kutokea liwe sentimita 45 juu ya sakafu ya chemba. Kwenye bomba hilo funga kiungo cha T, mguu mmoja ukitazama chini ndani ya maji; majani na mafuta ya gari yanayoelea yatabaki chembani.

Ujenzi: zege jembamba la kusawazishia sentimita 5, kisha sakafu ya sentimita 15 yenye nondo za milimita 12 kila baada ya sentimita 20 kwa pande zote mbili. Kuta zege la sentimita 20, na nondo zake ziote kutoka kwenye sakafu, zisianzie juu yake. Mchanganyiko ni saruji 1, mchanga 1.5, kokoto 3. Plasta ya ndani 1 kwa 3 yenye dawa ya kuzuia maji. Zege limwagiliwe siku 7 mfululizo. Mafundi wengi humwagilia mbili wakasahau, kisha nyufa zikitokea wanalaumu saruji. Slabu ya juu ya sentimita 15 inabeba watu na gari dogo. Kama lori la mchanga litapita hapo, pata michoro ya mhandisi kwanza. Tangi likae mbali na msingi wa nyumba angalau sawa na kina cha shimo lenyewe, na uchimbe kiangazi, Juni hadi Septemba, kingo zisije zikawaangukia wachimbaji.

Kabla ya kufukia, jaza maji, acha siku moja zege linywe, kisha weka alama ukutani na urudi baada ya saa 24. Kimo kikiwa kimeshuka kidole kizima, pana pengo, na mara nyingi liko pale bomba linapopenya ukuta.

Sasa maji ya ziada. Mvua ikifika kasi ya milimita 100 kwa saa, ua wako wote unatoa karibu lita 9 kwa sekunde. Bomba la inchi 4 lenye mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita halizimudu. Weka la inchi 6, juu kabisa ya tangi, na liende kwenye mtaro wa barabara. Kibali cha kuunganisha kinaombwa halmashauri ya jiji. Mdomo wa bomba uangukie kwenye mawe yaliyopangwa na kushikwa na saruji. Usipofanya hivyo, utakuwa umemhamishia jirani korongo kutoka ukutani hadi mlangoni.

Tupo Mabatini mlimani. Fundi kachimba shimo la kunyonya maji ya mvua, sentimita 70 kakutana na jabali. Anataka tulichome moto, tulivunje kwa nyundo, aendelee. Gharama imeshatushinda. Tufanyeje? — Baba wa familia, Mabatini

Acheni kuchimba. Jabali la Mwanza ni matale, yaani graniti, halinywi maji hata mkilifikia mita tatu. Shimo la kunyonya juu yake ni bakuli tu: maji yatajaa, yatapenya kati ya udongo na mwamba, yatatelezea chini na kutokea nyuma ya nyumba ya mtu mwingine. Tena udongo mwembamba uliolowa juu ya mwamba mteremkoni ndio unaoporomoka na mawe yake. Mawe makubwa yaliyoegama msiyachokonoe kabisa. Udongo wa chini yake unaweza kuwa ndio breki pekee iliyobaki.

Tumieni jabali kama sakafu. Jengeni tangi lililozama nusu, upande wa juu ukiegemea mlima na upande wa chini ukiwa ukuta wa mawe au zege. Ukuta wa mawe wa kimo cha mita 1.2 uwe na kitako cha upana wa kama sentimita 70 na kichwa cha sentimita 40. Mwamba usuguliwe kwa brashi ya waya hadi utoe rangi yake, upakwe uji wa saruji, ndipo ukuta uanze. Vumbi lililoachwa hapo ndilo litakalovuja. Chimbieni vipande vya nondo ya milimita 16 ndani ya mwamba sentimita 25, kila baada ya sentimita 50, vikamate kitako kisiteleze. Ukuta ukihitaji kuzidi mita 1.2, mwiteni mhandisi.

Maji mengine yasiyotoshea yashushwe kwa ngazi. Mtaro ulionyooka kutoka kileleni hadi barabarani huongeza kasi hadi kuchimbua lami. Mtaro wa vipandio vya sentimita 30, kila kipandio kikiwa na kidimbwi kidogo cha sentimita 10 mbele yake, huyavunja nguvu. Mitaro mingi ya milima hiyo huishia Mto Mirongo, nao ukipita katikati ya mji kwenda ziwani hauna pa kutanukia.

Nilifukia simtanki la lita elfu kumi ardhini kuokoa nafasi. Lilikaa vizuri masika nzima likiwa limejaa. Nilipoyatumia maji likabonyea kama kopo. Je, nililetewa tangi bovu? — Msomaji, Igoma

Tangi halikuwa bovu. Limepewa kazi siyo yake. Simtanki la kukaa juu limeundwa kuzuia maji yanayosukuma kutoka ndani. Ukilifukia, udongo unasukuma kutoka nje: kwa kina cha mita 2, karibu tani 2 kwa kila mita ya mraba, na zaidi udongo ukilowa. Lilipokuwa limejaa, maji ya ndani yalikuwa yanausaidia ukuta wa plastiki. Ulipoyatoa, ukabaki peke yake.

Yapo matangi ya kufukiwa, yenye mbavu nene na umbo lililokusudiwa, na maelekezo yake husema kina cha juu cha kufukia. Ukitaka kutumia la kawaida chini ya usawa wa ardhi, lijengee chumba: kuta za zege au tofali zilizojazwa zege na nondo ndizo zizuie udongo, tangi lisimame katikati na nafasi ya sentimita 40 kuzunguka. Chumba kiwe na bomba la kukitoa maji. Kikijaa maji huku tangi likiwa tupu, litaelea na kung'oa mabomba yake.

Kiwanja changu kipo Luchelele, karibu na ziwa. Tangi la zege la chini, mita 2 kwa 2 kwa kina 1.8, lilikuwa zima. Tulipolikausha kwa pampu kulisafisha, sakafu ikapasuka na maji yakapanda kutoka chini. Tuzibe kwa saruji? — Mstaafu, Luchelele

Shikamoo mzee. Usizibe bado. Kilichopasua sakafu ni maji ya ardhini, na ukiziba bila kuyaondoa, plasta itatoka kama ganda.

Tufanye hesabu yake. Kuta, sakafu na slabu za sentimita 20 zinafanya umbo la nje kuwa mita 2.4 kwa 2.4 kwa 2.2, yaani mita za ujazo 12.7. Maji ya ardhini yakifika juu ya tangi, yanalisukuma kwenda juu kwa nguvu ya tani 12.7. Zege lenyewe ni kama mita za ujazo 5.5, na kila mita ina tani 2.4, kwa hiyo uzito wake ni tani 13.1. Likiwa tupu, umebakiwa na chini ya nusu tani ya kulishikilia; hiyo siyo salama. Na kama sakafu ilimwagwa nyembamba au haikufungwa nondo na kuta, yenyewe ndiyo inayoachia kwanza, kama ilivyotokea kwako.

Dawa kwa tangi jipya ni kuitanua sakafu sentimita 30 nje ya kuta pande zote. Udongo unaokaa juu ya ukingo huo, hata ukihesabiwa ukiwa ndani ya maji, pamoja na zege lililoongezeka, unatoa kama tani 6 za ziada. Kwa tangi lako, chimba pembeni kisima kidogo cha kipenyo cha sentimita 30, chini zaidi ya sakafu kwa nusu mita, zungushia kokoto, kisha pampu ivute hapo hadi maji ya ardhini yashuke chini ya sakafu. Hapo ndipo umwage sakafu mpya ya sentimita 20 juu ya ile ya zamani, nondo zake zikichimbiwa ukutani. Pampu isizimwe hadi zege litimize siku 7. Baada ya hapo, kila unapotaka kulikausha tangi, kipime kisima hicho kwanza kwa kamba na jiwe. Maji yakiwa juu, subiri kiangazi.

Shimo la kunyonya huko ufukweni sahau. Kitako chake kinatakiwa kiwe angalau mita moja juu ya maji ya ardhini, na ziwa lenyewe halitulii: mwaka 2020 lilipanda likameza fukwe, na 2024 likarudia. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Pima kabla hujaleta mchanga.

Najenga nyumba ya wageni Kisesa, maegesho mita za mraba 600. Mmoja kanishauri shimo la kokoto, mwingine kreti za plastiki, wa tatu matairi ya zamani. Udongo ni luseni. Lipi bora? — Mwekezaji mdogo, Kisesa

Luseni ni bahati. Huo udongo wa kichanga hunywa maji, tofauti na mbuga, ambao ukilowa hujifunga na ukikauka hupasuka, au ibambasi, ambao ni mgumu kama sakafu. Lakini usiamini jina, pima. Chimba hadi kina cha kitako cha shimo lako, upana sentimita 30 kila upande. Jaza maji kimo cha sentimita 30, yaache yaishe, rudia mara tatu mfululizo. Hesabu ya tatu ndiyo ya kweli, maana ya kwanza udongo ulikuwa na kiu. Maji yakishuka milimita 25 au zaidi kwa saa, endelea. Yakiwa chini ya 13, acha shimo la kunyonya, jenga tangi la kuchelewesha kama la barua ya kwanza.

Maegesho yako ya pevingi, kwa mvua ileile ya milimita 50, yanatoa lita 21,000. Kokoto safi za milimita 20 hadi 40 zina nafasi ya maji asilimia 40 tu. Zilizobaki ni jiwe. Kuhifadhi mita za ujazo 21 unahitaji shimo la mita za ujazo 52. Kreti, zile za kupangwa kama za soda, zina nafasi asilimia 95, kwa hiyo shimo la mita za ujazo 22 hivi. Kuna jambo wauza kreti hawalisemi: shimo la kokoto la kina cha mita 1.2 lina maji ya kimo cha sentimita 48 tu, na udongo ukinywa milimita 50 kwa saa, linakauka ndani ya saa 10. La kreti lina kimo cha mita 1.14, saa 23. Mvua ya kesho alasiri inaweza kulikuta bado lina maji. Kwa hiyo kreti zitandazwe kwa upana, zisirundikwe kwenda chini.

Ushauri wetu: kama nafasi ipo, kokoto. Kama ardhi ni finyu, kreti, tena zenye maandishi ya uzito zinaobeba, kwa sababu magari yatapita juu. Matairi hatuyapendi. Hayakai sawa, udongo huingia katikati yake, na miaka michache baadaye maegesho yanabonyea.

Kwa vyote viwili, kitambaa cha kuchujia ndicho roho ya shimo. Zungushia chini, pembeni na juu, na vipande vipishane sentimita 30. Fundi akikwambia nailoni inatosha, mkatalie: nailoni haipitishi maji, na mifuko ya sandarusi huchanika. Bila kitambaa, mchanga mwembamba wa luseni utazijaza kokoto kimyakimya, na shimo zima itabidi lifukuliwe. Kokoto zenye vumbi zioshwe kabla hazijashuka. Shimo likae mita 5 au zaidi kutoka kwenye msingi na mita 30 kutoka kisimani, na bomba la maji ya ziada, kama kawaida, liwe na pa kwenda.

Karo langu lina shimo la kunyonya tayari. Naweza kuelekeza maji ya bati humohumo? — Mpangaji, Kirumba

Hapana. Mvua moja italijaza na majitaka yatarudi chooni kwako. Wala usiyaelekeze kwenye bomba la majitaka la mtaa. Mabomba yaliyopita milimani ni membamba, na mvua ikiingia juu, choo cha wa bondeni ndicho kinachofurika.

Nataka tangi moja lifanye yote mawili: lipunguze mafuriko na linipe maji ya kufulia. Tena sitaki mbu. Inawezekana? — Dada wa Kiseke

Inawezekana, dada, ukikubali kuligawa. Tangi lililojaa maji ya kufulia halina nafasi ya mvua. Na tangi tupu linalosubiri mvua halina maji ya kufulia. Chukua kina cha maji cha mita 2.4. Tundu la kutolea maji liweke mita 1 juu ya sakafu badala ya chini. Mita hiyo moja ni yako, pampu ivute humo. Mita 1.4 ya juu ni ya mvua, ijimwage yenyewe.

Maji ya kufulia yatoke kwenye bati tu, siyo uani. Lita za mwanzo zina vumbi na kinyesi cha ndege, zitupwe: lita moja kwa kila mita ya mraba ya paa. Paa la mita 160 linahitaji pipa la lita 200 lifungwe kabla ya tangi. Likishajaa, maji safi yanapita juu na kuendelea. Chini ya pipa acha koki wazi kidogo ili lijimwage kabla ya mvua nyingine. Koki ikiachwa imefungwa, pipa ni pambo.

Mbu anahitaji siku 7 hadi 10 kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo sehemu inayojimwaga ndani ya saa chache haimpi nafasi. Sehemu yako ya chini ndiyo hatari, pamoja na chemba, ambayo hubaki na maji daima. Mfuniko ukae na mpira wa kuziba, na kila bomba linalofungukia nje, hata la hewa, livishwe wavu wa matundu yasiyozidi milimita 1. Bomba la maji ya ziada husahaulika kwa sababu liko nyuma ya nyumba.

Chemba ichotwe tope kila wiki mbili wakati wa mvua, kwa kijiko chenye mpini mrefu. Tangi lenyewe mara moja kwa mwaka, Agosti au Septemba. Mfuniko ukae wazi siku nzima kabla mtu hajashuka. Asishuke peke yake. Afungwe kamba kifuani na watu wawili wabaki juu. Tope lililooza linakula hewa na kutoa gesi, na mshumaa unaoendelea kuwaka siyo kipimo. Jenereta au pampu ya petroli isiwekwe karibu na mdomo wa tangi, sembuse ndani. Aliyeko chini akinyamaza, mvuteni kwa kamba, msimfuate.